Unaanza udijei na laptopu? Kontrola, miksa na waya ambazo ningenunua mimi hapa Lamu

Asalaam aleykum jamani, karibuni tena. Leo ni ile video mumeniomba sana kwenye komenti, dada nataka kuanza udijei, laptopu ninayo, ninunue nini, na wengine munaongeza kwamba hamutaki kompyuta peke yake, munataka na miksa ya ukweli ya kushika kwa mkono, yaani ile seti ya haibridi. Haya, vyombo viko hapa mezani, tutavipitia, na mujue sijalipwa na kampuni yoyote wala duka lolote, kwa hiyo nikikisema kitu nakisema.

Kwanza mujue mimi napiga wapi, maana ushauri wa mtu wa klabu Nairobi sio ushauri wangu. Mimi napiga sherehe za kina mama, harusi zaidi, mjini hapa na mara nyingine Shela, uani au juu ya dari, na muziki wenyewe ni taarab, chakacha, bongofleva, nyimbo mbili tatu za Kihindi halafu wasichana wakishachangamka wanataka amapiano. Mseto huo ndio unaoamua ununue nini, nitawaeleza kwa nini, subirini kidogo.

Tuondoe hili la santuri kwanza kwa sababu wengi wakisikia haibridi wanafikiria hilo. Kuna mfumo unaitwa DVS, unakuwa na mashine mbili za santuri za kawaida kabisa, zile kama Technics SL-1200 ambazo zipo tangu 1972, lakini santuri unayoweka haina wimbo, ina mlio maalum tu, sindano inausoma, unaingia kwenye laptopu, programu inajua santuri inaenda mbele au nyuma na kwa kasi gani, halafu wimbo ulio kwenye laptopu unafuata mkono wako. Tamu sana, sikatai. Ila kwa anayeanza hapa kwetu mimi nasema hapana. Unahitaji mashine mbili, sindano mbili na akiba yake, na miksa au saundikadi, kile kifaa cha kuingiza na kutoa sauti ya kompyuta, yenye njia nne za kuingiza sauti na nne za kutoa, hapo hujagusa spika. Halafu nyumba zetu hizi za mawe za zamani, ghorofani sakafu imelala juu ya boriti, kina mama thelathini wakianza kucheza sakafu nzima inatikisika, sindano inaruka, na bezi ya spika inarudi kwenye sindano inatoa ule mvumo mbaya. Wewe anza na kontrola, yaani ule ubao wa vitufe na sahani unaoendesha programu ya udijei kwenye laptopu, santuri zitakukuta mbele.

Kwa hiyo haibridi ninayoizungumzia mimi ni hii: laptopu, kontrola ya chaneli mbili, halafu kontrola haiendi moja kwa moja kwenye spika, inaingia kwenye miksa ndogo ya kawaida, na kwenye hiyo miksa kuna maiki yake na kuna simu imechomekwa kwenye chaneli yake ikiwa na pleilisti tayari. Mbona nasisitiza miksa? Kontrola nyingi za kuanzia zinakula umeme wa USB kutoka kwa laptopu, laptopu ikizima, kontrola imezima, na maiki uliyoichomeka kwenye kontrola nayo imekufa palepale, bibi harusi yuko mlangoni anatolewa na wewe umeshika maiki bubu. Ukiwa na miksa unapandisha chaneli ya simu, wimbo unaendelea, somo anaendelea kuongea, wewe unawasha laptopu taratibu wala hakuna aliyejua.

Sasa kontrola. Ninazo tatu hapa, moja yangu na mbili za kuazima.

Hii ya kwanza ni Pioneer DDJ-FLX4, ndiyo iliyokuja baada ya ile DDJ-400 ambayo munaiona kila mahali. Inafanya kazi na rekordbox na Serato DJ Lite, hizo ni programu za udijei, na hata na simu. Ubora wake ni kwamba vitufe vimepangwa karibu sawa na vyombo vikubwa vya Pioneer vya kwenye mahoteli na maklabu, siku ukiitwa Malindi kupiga hotelini mkono wako unajua njia. Kuna kitu wameweka kinaitwa Smart Fader, ukisogeza krosfeda, ile slaida ya kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine, yenyewe inapanga kasi, bezi na sauti, unaonekana fundi. Kwa amapiano ni sawa. Kwa chakacha... ngojeni nakuja hapo. Slaida ya tempo, ya kuongeza na kupunguza kasi ya wimbo, ni fupi, hiyo sijaipenda, ukitaka kusogeza kidogo sana inaruka, kidole lazima kiwe kitulivu.

Ya pili Numark Mixtrack Pro FX. Ni kubwa zaidi mezani, jogi zake, zile sahani za kuzungusha, ni pana, slaida ya tempo ni ndefu, na ina tundu mbili za hedifoni, kubwa na ndogo, kitu kidogo lakini mimi nimeshukuru sana maana zile adapta za hedifoni zinapotea kama pini za mtandio. Plastiki yake ni nyepesi, ukiibonyeza unaisikia. Inakuja na Serato DJ Lite.

Ya tatu Hercules Inpulse 300, hii wameitengeneza kwa mwanafunzi, kuna taa za mishale zinakwambia ongeza kasi, punguza kasi, sogeza mbele, sogeza nyuma, mpaka nyimbo mbili zikae pamoja. Wazo zuri. Ila zile taa zinaamini kile programu inachoamini kuhusu wimbo, na hapo ndipo kwenye shida yetu, tuingie sasa.

Angalieni hapa kwenye skrini. Hii ni chakacha, rekodi ya zamani, ngoma za watu kweli. Programu za dijei zinapenda muziki wa mapigo manne manne, moja mbili tatu nne, chakacha inakwenda kwa sita, na programu ikiisikiliza inashika pigo la ndani sio lile ambalo kiuno kinalifuata. Mimi nikipiga mguu hapa napata kama 90 kwa dakika. Programu imeandika 135. Sasa bonyeza sinki, kile kitufe cha kulinganisha kasi za nyimbo mbili, na bongofleva ya 100 uone maajabu, inauvuta wimbo kutoka 135 mpaka 100, chakacha inatambaa, kina mama wanakuangalia. Sio kwamba programu imeharibika, 135 ni 90 mara moja na nusu, imehesabu tabaka lingine la ngoma. Kwenye Mixxx, programu nyingine ya udijei, unabonyeza wimbo kitufe cha kulia cha kipanya, unaenda sehemu ya kurekebisha BPM, yaani mapigo kwa dakika, kuna chaguo la theluthi mbili, unaliweka, inarudi 90. Hiyo ndiyo sababu moja naipenda Mixxx, na ya pili ni kwamba ni bure kabisa, haikuombi intaneti katikati ya sherehe.

Na bado. Hata ukishaweka 90 sahihi, wapigaji wale walikuwa binadamu, wakinogewa wanakimbia, mwanzo wa wimbo gridi, ile mistari ya mapigo inayochorwa na programu, imekaa sawa na ngoma, ukifika katikati mistari imeshaachana na ngoma, oneni hapa, pigo liko huku mstari uko kule. Rekordbox ina hali ya kuchambua inaitwa Dynamic, inajaribu kufuata mabadiliko, Mixxx nayo kuna mahali unaondoa tiki ya kudhania tempo haibadiliki, zinasaidia lakini hazimalizi. Kinachomaliza ni sikio na jogi. Hedifoni upande mmoja, unasikia wimbo unaokuja umechelewa, unausukuma kwa ukingo wa jogi, pembeni hapa, sio juu, ukigusa juu inasimama au inakwaruza. Ndio maana kati ya hizi tatu, kwa muziki wa pwani, mimi nimebaki na Mixtrack, kwa jogi pana na slaida ndefu tu, wala sio kwa jina. Wewe ukiwa unalenga mahoteli na amapiano na afrobeat chukua FLX4 bila kufikiria sana. Hercules mpe mdogo wako ajifunze na nyimbo za kisasa, ila akifika kwenye chakacha mwambie azibe zile taa na utepe.

Kuna wanaoniuliza vile vikontrola vidogo vya mkono, vya bei nafuu. Swali moja tu: kina saundikadi ndani? Dijei lazima atoe sauti mbili kwa wakati mmoja, moja ya wageni na moja ya hedifoni yake, na tundu la laptopu linatoa moja. DJ2Go ya kwanza ya Numark haikuwa na saundikadi, DJ2GO2 wamekiweka, majina karibu sawa, muuzaji anaweza hata yeye asijue. Ipo kebo ya kugawa sauti, sikio la kushoto hedifoni la kulia spika, inakutoa kwenye shida, lakini zote zinakuwa mono.

Miksa haina maneno mengi. Behringer Xenyx 802 au Yamaha MG ndogo zinatosha, unataka njia moja ya maiki isiyopungua na njia mbili za stereo. Kontrola inatoka na RCA, zile plagi mbili nyekundu na nyeupe, hiyo kebo iwe fupi, mita moja mbili, kwa sababu RCA ikiwa ndefu inaokota kelele za kila kitu, halafu kutoka kwenye miksa mpaka spika hapo ndipo unaenda masafa na kebo za balansi, zile zinazozuia kelele, XLR au jeki za TRS, kama miksa yako inatoa balansi. Ukisikia mvumo zzzz, chomoa chaja ya laptopu. Mvumo umekata? Basi ni mzunguko wa ethi kati ya chaja na spika, nunua kiboksi cha kutenganisha sauti ukiweke kati. Kuna mafundi watakwambia ukate pini ya ethi kwenye plagi, usikubali, uko na maiki ya chuma mkononi na sakafu imemwagika sharbati.

Laptopu fupi tu: SSD, RAM 8GB, zima apdeti, zima Wi-Fi. Sauti ikikatika katika ongeza bafa, ile akiba ya sauti kompyuta inayojiwekea kabla ya kuitoa, kwenye mipangilio, sampuli 256 ni kama milisekunde 6 za kuchelewa, 1024 ni kama 23, kwa harusi 23 hufi nayo, afadhali hiyo kuliko mkato.

Na chumvi. Hii hawaisemi kwenye video za Ulaya. Mzigo unateremka Mokowe unapanda boti, ukifika mjini ni mkokoteni au punda, kwa hiyo funga ndani ya mfuko wa plastiki kisha ndio kwenye begi lenye sponji, na nyumbani usiache kontrola wazi dirishani. Upepo wetu unakula tundu za RCA, zinaanza kukwaruza. Mimi nafuta kwa spiriti ile ya kusafishia vifaa vya umeme, kidogo, kwa pamba ya kijiti, na umeme umezimwa. Mafuta ya bawaba usinyunyize kwenye slaida, utaiua.

Mukinunua mtumba nendeni na laptopu yenu na hedifoni yenu, sukumeni kila slaida polepole muangalie kwenye skrini kama inaruka, geuza kila kitufe, tikisa waya wa USB kidogo kwenye tundu wakati wimbo unalia, ukikatika achana nayo. Muuzaji akisema hakuna umeme wa kujaribia, kontrola inatumia umeme wa laptopu yako, mwambie hivyo.

Wiki ijayo nitafungua hii Xenyx tuangalie chaneli moja moja. Maswali ya laptopu zenu andikeni modeli kamili, musiandike "ile nyeusi".