Stika za tuktuk Kisumu kwa duka la onlaini: nyuma nyota mbili, ndani nyota nne na nusu

Hii ni rivyu ya kutangaza duka la onlaini kwa tuktuk hapa Kisumu, ile ya kubandika stika, si ile ya kuzunguka na spika. Mimi nauza vifaa vya kuoka keki kwa websaiti, pani, bodi za kuwekea keki, nozeli, rangi za chakula, boksi za keki, na wateja wangu wengi ni akina mama na wasichana wanaooka nyumbani, Nyalenda, Manyatta, Mamboleo, mpaka Siaya na Bondo huko ambako oda zinaenda na matatu. Facebook bado nalipia, lakini juu ya ile bei kuna VAT ya asilimia 16, na kusema ukweli mtu wa keki haingii Facebook kutafuta pani, anauliza jirani. Huyo jirani naye ukitaka akujue lazima umpate mahali ametulia, na Kisumu mtu ametulia ndani ya tuktuk.

Wacha nianze na nyuma kwa sababu ndiko kila mtu hukimbilia. Shida ya kwanza ni pa kubandika. Zile Bajaj nyingi zimefunikwa turubai ya reksini huko nyuma, na stika haikai kwa reksini, jua la Kisumu likiipiga wiki chache pembe zinaanza kujikunja, mvua ikija maji yanaingia chini na imekwisha hiyo. Chini ya turubai kuna kibati kinachofunika injini, hapo inashika vizuri lakini kuna joto na ndipo matope yote yanarukia. Wanaojua hii kazi wanaprinti kwa kitambaa cha banner, halafu wanampelekea fundi wa viti anaishona kabisa juu ya turubai, inadumu, ila gharama inapanda na tuktuk inalala kwa fundi nusu siku, mwenyewe hapendi.

Shida ya pili ni kubwa zaidi. Anayeangalia mgongo wa tuktuk ni dereva mwingine ama mtu wa boda, na pale chini ya flaiova ya Kondele huyo mtu anaangalia asigongwe, ana sekunde mbili tatu za kukupatia. Kwa sekunde hizo atashika jina moja fupi na picha moja. Mimi niliweka keki na jina la websaiti peke yake, herufi nene. Nimeona wengine wanajaza namba tatu za simu, Facebook, Instagram, TikTok na QR juu yake, sasa nani ataskani QR ya tuktuk inayokimbia? Nyuma inajengea watu kulizoea jina, hapo naipa heshima yake, lakini oda za moja kwa moja kutoka huko ni chache sana.

Sasa ingia ndani. Abiria wamekaa kiti cha nyuma na mbele yao, karibu kabisa na magoti, kuna mgongo wa kiti cha dereva. Kutoka tao mpaka Mamboleo na ile jam ya katikati mtu ana dakika kumi, kumi na tano, simu tayari iko mkononi, na hakuna kitu kingine cha kusoma mbele yake. Stika ya A4 hapo inasomwa yote, mpaka yale maandishi madogo ya bei. Kuna mama alinipigia akiwa bado safarini, nasikia injini kabisa, "Madam habari ya saa hizi, niko kwa tuktuk hapa naona hii stika yenu, mko na bodi za inchi kumi?" Nikamwambia tunazo mama, akauliza kama zinaweza fika Bondo jioni, nikamwambia gari la saa nane, na M-Pesa ikaingia kabla hajashuka. Hiyo kwa mgongo wa nje haiwezekani.

QR ya ndani ndiyo nataka mshike vizuri. Hiki kitu kilibuniwa Japani 1994 na kampuni ya Denso Wave kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, kwa hivyo tangu mwanzo kiliundwa kuvumilia uchafu na mikwaruzo. Kina viwango vinne vya kujirekebisha, na cha juu kabisa kinaitwa H, hicho kinasomeka hata kama karibu asilimia 30 imeharibika. Ndani ya tuktuk utakihitaji, kuna magoti, kuna vikapu vya samaki vya Dunga, kuna mtoto na kucha zake. Mwambie wa disaini aweke H, aache ukingo mweupe kuzunguka wenye upana wa vile vimraba vidogo vinne, na ibaki nyeusi juu ya nyeupe. Asikuwekee maua. Juu yake laminesheni isiyong'aa, maana ile ya kung'aa jua likiingia kwa ubavu wa tuktuk kamera ya simu haioni kitu, abiria anajaribu mara moja anaachana nayo.

Halafu hakikisha ndani ya QR kuna anwani ya websaiti yako mwenyewe. Kuna zile za bure onlaini zinazompitisha mtu kwanza kwa websaiti ya wenyewe, muda wa majaribio ukiisha wanaizima mpaka ulipe, na wewe stika zako ziko barabarani, utaanza kukimbizana na tuktuk moja moja? Yangu inapeleka mtu kwa kurasa moja nyepesi, picha chache, bei, namba ya Till na kitufe cha WhatsApp. Usimpeleke mtu kwa ukurasa wa mbele wenye video, yuko kwa bando ya bei ndogo, ikizunguka sana anaifunga.

Kujua oda imetoka wapi niliwapa tuktuk kila moja neno lake la punguzo. Mteja akilitaipu wakati wa kulipa anapata boksi ya keki bure, na mimi najua ni gari gani na ni upande gani, kwa sababu nyuma ina neno tofauti na ndani. Anayepiga simu namuuliza tu, umetuona wapi mama? Bila hiyo huwezi kujua kama pesa inafanya kazi, utabaki kusema watu wanaona wanaona.

Hayo maneno ya punguzo yamenisaidia kwa kitu kingine ambacho naona ndicho kilibeba hii kazi yote. Tuktuk nyingi si za dereva, dereva anapeleka hesabu kwa mwenye gari jioni. Ukielewana na mwenye gari peke yake, dereva hana sababu ya kuitunza stika, siku ya kuosha itabanduka na huwezi kumlaumu, hajapata kitu. Kwa hivyo mwenye gari nampa pesa kidogo kila mwezi na dereva anapata yake kwa kila oda inayoingia na neno lake, natuma M-Pesa siku hiyo hiyo. Sasa wanaipangusa vumbi wenyewe. Dereva mmoja wa njia ya Nyamasaria anaeleza abiria tofauti ya bodi nyembamba na ile nene ya keki za ghorofa, na anaeleza vizuri, nimemsikia kwa masikio yangu. Mtu kama huyo hupati kwa Facebook hata ulipe aje.

Kuprinti, hapa nakata nusu nyota. Duka moja la tao lilinitolea rangi ya chungwa imekuwa kahawia, rangi za skrini na rangi za wino si kitu kimoja, na walipaswa kuniambia kabla ya kuprinti zote. Walirudia bila kunilipisha, hilo nalishukuru. Mwambie akutolee moja kwanza, toka nayo nje uiangalie juani, uiskani na simu ya bei rahisi, ndio aendelee.

Kaunti pia usisahau. Katiba ya 2010 imeweka matangazo ya nje chini ya kaunti, kwa hivyo kabla ya kushona chochote kwa mgongo wa gari ya watu pitia ofisi ya mapato uulize ada ya matangazo ya gari, upewe risiti, picha yake ikae kwa simu ya dereva. Akisimamishwa bila hiyo karatasi ni yeye atapoteza siku.

Fulaya, zile karatasi za matangazo za kugawia watu soko la Kibuye Jumapili, sizipendekezi kwa websaiti, mtu ana mikono miwili na yote imeshika mzigo, karatasi inaishia kufungia omena. Labda uziweke ndani ya mzigo wa mteja aliyenunua tayari ampelekee mwenzake, hiyo inafanya kazi.

Mimi naweka zingine Novemba, kabla ya harusi za Disemba na keki za Krismasi, na zote zinaingia ndani. Nyuma nitaacha ile iliyoshonwa tu mpaka ichakae.