Jopo la Mizozo ya Vyama: linamfaa mwenye karatasi, mwenye hasira atapoteza nauli

Huduma: Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa nchini Kenya, pamoja na milango miwili inayolitangulia.
Alama: jopo 3.5 kati ya 5. Ukaguzi wa uanachama kwa *509# 4. Kamati za mizozo za vyama 1.5, na hapo tumekuwa wakarimu.

Mjumbe wa chama akitoka kwenye mkutano wa wadi Kondele, Kisumu, au Kaptembwo, Nakuru, huku ananung'unika, atakuambia kura zimeibwa. Mara nyingi kura hazikuguswa. Mikono iliinuliwa mchana kweupe, hesabu ikatimia, kila mtu akaona. Kilichoguswa ni orodha ya wenye haki ya kuinua mkono, na iliguswa wiki moja au mbili nyuma, mezani kwa mtu, bila kelele. Kwa hiyo huduma hii tunaipima kwa swali moja: inamfaa vipi mtu ambaye jina lake limenyofolewa katika orodha ya wajumbe?

Ugomvi wa orodha ni wa zamani kuliko jopo lenyewe. Uchaguzi wa chama cha FORD-Kenya kule Thika mwaka 1996 uliishia vurugu, na Raila Odinga akahamia chama cha NDP mwaka huohuo. Tarehe 28 Februari 2014 wajumbe wa chama cha ODM walikuwa Kasarani, Nairobi, wakigawanyika kati ya Ababu Namwamba wa Budalang'i na Agnes Zani kwenye kiti cha katibu mkuu, manung'uniko ya daftari la wajumbe yakiwa yametanda ukumbini. Wanaume waliovaa suti nyeusi wakavamia, wakapindua meza na masanduku ya kura. Kufikia siku hiyo Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011 ilikuwa tayari imeunda jopo. Ila jopo halizuii meza kupinduliwa. Linasoma karatasi zilizobaki baadaye.

Mlango wa kwanza ni simu yako. Piga *509#, fuata maelekezo, utaonyeshwa umesajiliwa chama gani. Ukipenda, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mwaka 2021 Wakenya wengi walipojikagua walikuta wamesajiliwa katika vyama wasivyovijua, na vilio vikajaa mitandaoni. Hatari hiyo haijaisha. Anayetaka kuwa mjumbe na jina lake liko chama kingine amekwisha kushindwa kabla hajafika ukumbini, kwa sababu mpinzani atalitoa mfukoni dakika ya mwisho. Jikague mwezi mmoja kabla ya mkutano, piga picha ya skrini ikionyesha tarehe, uihifadhi. Huduma yenyewe ni nyepesi na inafanya kazi hata kwenye kabambe, simu ndogo ya vibonyezo. Kasoro yake ni kwamba inakuthibitishia uanachama tu. Kama wewe ni mjumbe au la, haijui. Hilo linajulikana na chama peke yake, na ndipo maji yanapochafuka.

Sasa orodha. Kaunti ya Nakuru ina wadi 55, Kisumu 35, Kakamega 60. Hizo ni orodha 150 kwa chama kimoja katika kaunti tatu, na nyingi huandikwa kwa mkono kwanza, kisha mtu wa saiba (duka la kompyuta) anazichapa, kisha zinatumwa kaunti kwa WhatsApp. Kila hatua ni nafasi ya jina kupotea, kwa bahati mbaya au kwa makusudi.

Mbinu ya kwanza ni ya kubadilisha: majina manne yanatoka, manne yanaingia, idadi haibadiliki. Anayehesabu vichwa hatagundua. Anayesoma majina kwa sauti atagundua papo hapo, na ndiyo maana msimamizi mwenye nia mbaya hasomi majina, anauliza tu, "Wajumbe mko wote?"

Mbinu ya pili ni halali kwa sura, na ndiyo yenye nguvu zaidi. Hawa ni wajumbe kwa wadhifa: diwani, maafisa wa tawi, wawakilishi wa jumuiya za vijana na akina mama, na kadhalika, kama katiba ya chama inavyosema. Chukua mfano wa mkutano wenye wajumbe 60 waliochaguliwa vituoni na 25 wa wadhifa. Jumla ni 85, wingi ni 43. Mgombea aliyewashika wote 25 wa wadhifa anahitaji 18 tu kati ya wale 60, yaani chini ya theluthi. Mwenzake atafute 43 kutoka kwa wananchi. Hapo hakuna aliyeiba kitu. Swali la kuuliza ni moja: je, wale 25 wametajwa kwenye katiba ya chama, au 10 kati yao ni "kamati ya uratibu" iliyozaliwa Jumanne iliyopita? Nakala ya katiba iko kwa Msajili wa Vyama, kwa sababu hakuna chama kinachosajiliwa bila kuiwasilisha, na kikiibadilisha kinatakiwa kumjulisha. Ilinganishe na orodha mstari kwa mstari. Hapo ndipo kesi nzuri huzaliwa.

Ya tatu ni "makubaliano". Wazee wanakaa, wanakubaliana, majina yanatangazwa, watu wanapiga makofi. Si vibaya kwa kuwa vyama vingi vinaruhusu njia hiyo. Ubaya ni pale hakuna kumbukumbu za kikao wala sahihi. Ukiuliza nani alikubaliana na nani, kila mtu anamtazama mwenzake.

Kuna na ile ya kuhamisha ukumbi. Ilani inasema shule ya msingi saa nne, mkutano unafanyika hotelini saa mbili. Ushahidi wake ni rahisi: picha ya ilani ilivyobandikwa, na picha ya wajumbe wakisubiri shuleni.

Mlango wa pili ni kamati ya mizozo ya chama, na hapa alama zetu zinashuka. Kisheria huwezi kuiruka. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Vyama vya Kisiasa kinasema jopo halitasikiza mzozo wa mwanachama na mwenzake, wa mwanachama na chama chake, wala wa mchujo (kura ya ndani ya chama ya kuteua wagombea), mpaka mlalamishi aonyeshe kwamba alijaribu kwanza njia za ndani ya chama. Neno la kushika ni "alijaribu". Kabla ya marekebisho ya mwaka 2022 ilibidi chama kiwe kimesikiza na kuamua, na vyama vilijifunza haraka kwamba kamati isiyokaa haiamui, na isiyoamua inakufungia mlango milele. Marekebisho hayo yaliondoa ujanja huo, na kwetu hilo ni miongoni mwa mabadiliko yenye manufaa zaidi kwa mtu wa mashinani.

Hata hivyo jaribio liwe la kweli. Barua iliyotumwa saa moja kabla ya kukimbilia jopo haitakusaidia. Andika barua moja, ukurasa mmoja: jina lako, nambari ya uanachama, wadi, tarehe na mahali pa mkutano, kifungu cha katiba ya chama kilichovunjwa, unachotaka kifanyike, na muda unaoutoa wa kujibiwa. Mkutano ukiwa wiki ijayo, saa 48 ni muda wa haki. Kama katiba ya chama imeweka siku zake za kukata rufaa, fuata hizo. Ipeleke kwa mkono ofisini igongwe muhuri kwenye nakala yako, na uitume pia kwa baruapepe rasmi ya chama. Karani akikataa kugonga muhuri, na hilo hutokea sana, andika pale pale saa na jina la aliyekataa, kisha itume tena kwa njia yenye risiti. Kulalamika kwa mwenyekiti wa kaunti kwa simu si jaribio. Kuandika kwenye kundi la WhatsApp la chama ni kelele tu, na tena kunampa mpinzani nafasi ya kujitayarisha.

Kuhusu haki ndani ya kamati hizi, yatosha kusema kwamba waliochora orodha na wanaosikiza malalamiko ya orodha mara nyingi hula sahani moja.

Ndipo tufike kwenye jopo. Liko chini ya Idara ya Mahakama, wanachama wake huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, na mwenyekiti sharti awe na sifa za kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Makao ni Nairobi, lakini kesi huwasilishwa kwa mtandao wa mahakama na vikao vingi husikizwa kwa video, kwa hiyo mtu wa Mbale au Luanda kule Vihiga hana haja ya kulala kwenye basi. Msimu wa mchujo wa 2022 liliketi pia nje ya Nairobi, Kisumu ikiwemo.

Utahitaji lalamiko lenyewe, hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo, na viambatisho: barua yenye muhuri, orodha ya kwanza, orodha ya pili, katiba ya chama, ilani ya mkutano. Kama mkutano bado haujafanyika, ambatisha ombi la dharura la kuusimamisha. Hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Agizo la muda lililotoka Alhamisi lina thamani kuliko hukumu ya miezi miwili baadaye, wakati wajumbe wamekwisha kumchagua mtu na mtu amekwisha kuapa.

Picha za WhatsApp na video zinakubalika, lakini Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka cheti kinachoeleza ni kifaa gani kilizitoa na nani alikishughulikia. Ni karatasi moja tu. Bila hiyo, wakili wa chama atasimama dakika ya kwanza na ushahidi wako wote utaning'inia. Ushauri wa bure: usiitume picha ya orodha kwa watu ishirini halafu uifute kwenye simu yako. Simu iliyopiga ndiyo inayotakiwa.

Makosa yanayozamisha kesi za wadi yanajirudia kama wimbo. La kwanza ni kumshtaki mwenyekiti wa tawi peke yake na kukiacha chama. La pili ni kutomtaja aliyenufaika, yule aliyechaguliwa kwa orodha mbovu. Jopo haliwezi kumvua mtu kiti bila kumsikiza. La tatu ni kukimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja, ambako utaambiwa urudi ulikopaswa kuanzia, na siku zako zimekwenda. La nne ni kuomba utangazwe mshindi. Kama orodha ilikuwa mbovu, hakuna anayejua nani angeshinda. Kinachoombwa ni mkutano ubatilishwe, orodha sahihi itumike, urudiwe. La tano ni idadi. Ukilalamikia majina 4 yaliyobadilishwa na ukashindwa kwa kura 19, hata ukiaminiwa, matokeo yatabaki palepale. Fanya hesabu hiyo kwanza.

Mzozo wa FORD-Kenya wa mwaka 2020, uliotikisa Bungoma na kufika mbele ya jopo hili, ulionyesha kwa ngazi ya taifa jinsi karatasi zinavyobeba kesi. Kundi la Wafula Wamunyinyi na Eseli Simiyu lilitangaza kumng'oa kiongozi wa chama, Moses Wetang'ula, na ubishi ukageukia kikao chenyewe: nani alikaa, na je, kilikuwa halali? Siasa ilikuwa nje. Ndani, ubishi ulikuwa wa karatasi.

Kasi ya jopo ni nzuri kwa viwango vyetu. Sheria inalipatia miezi mitatu tangu kesi kuwasilishwa, na wakati wa mchujo huamua kwa siku chache, kwa kuwa tume ya uchaguzi haimsubiri mtu. Mwaka 2022 mchujo ulipangiwa tarehe 16 hadi 22 Aprili, na majina yakatakiwa kwa tume kufikia tarehe 28. Hesabu mwenyewe nafasi iliyobaki ya kulalamika. Hapo ndipo alama moja nzima inapotea: katika haraka hiyo, mara kadhaa jopo hukirudishia chama mzozo kiuamue upya, na chama kinarudi kwa kamati ileile tuliyoipa 1.5.

Nusu alama iliyobaki imekatwa kwa utekelezaji. Uamuzi wa jopo hutekelezwa kama wa mahakama ya hakimu, kwa hiyo una meno. Lakini chama kikiamua kuvuta miguu, ni wewe utakayerudi kuomba wachukuliwe hatua kwa kudharau amri, na kila safari ina gharama ya wakili. Unaweza kujisimamia mwenyewe, ila jiandae: lugha ya vikao na hati ni Kiingereza zaidi, na mjumbe mzoefu wa baraza za Kiswahili safi anaweza kujikuta bubu.

Usiporidhika, rufaa iko Mahakama Kuu, kwa hoja za sheria na za ukweli wa mambo. Zipo mahakama hizo Kisumu, Kakamega, Bungoma, Busia na Nakuru.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwenye nia ya ujumbe aombe nakala ya orodha ya wadi yake sasa, ikiwa na tarehe na sahihi ya katibu, wakati katibu bado hajui atakuwa upande gani.