Bledi ya trekta ndogo: kabla hujalipa, tazama springi

Mwezi wa tatu nilinunua bledi, yaani bamba la chuma la kusukumia, ya kufunga mbele ya trekta ndogo, nisawazishe njia yangu ya murramu hapa Busia kabla mvua haijaichimba. Muuzaji wa Kampala aliniapia kwamba hiyo ni bledi ya udongo. Nikamlipa shilingi milioni 2.8. Nilipoanza kazi, kila ikigusa kibonge ilikuwa inainama mbele, inaruka, inaacha nundu. Nilipopita mara kumi, njia ikawa na mawimbi kama Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, siku ya upepo.

Lawama ni ya zile springi mbili za nyuma. Bledi ile imeundwa kusukuma theluji. Theluji hufunika mawe na kingo za barabara, kwa hiyo springi hunyumbuka ili bledi ilale mbele na kupita salama. Sisi theluji yetu iko kileleni Rwenzori, na sijasikia aliyepandisha trekta huko. Murramu iliyokauka, kwa springi hiyo, yote ni jiwe moja.

Mafundi watakwambia uzikaze kwa bolti. Nilizikaza, siku hiyohiyo kisiki cha mwembe kikapinda fremu. Zikilegea hukati, zikikazwa kishindo chote kinaingia kwenye chasisi. Isitoshe, bledi nyingi za aina hii hushuka kwa uzito wake tu, hakuna kinachoigandamiza chini.

Basi orodha yangu ya vifaa vya kusawazisha njia ni hii. Namba moja, na sitaki ubishi, ni sanduku la kusawazishia la kampuni ya Land Pride nyuma ya trekta ya Kubota. Meno yanachimbua murramu, makali yanakata, sanduku linabeba udongo hadi lilipo shimo. Ila pima kwanza pini za kufungia kifaa kwenye trekta: kuna trekta ndogo zinazotumia za milimita 16 na nyingine za 22. Nenda na rula, usimuulize muuzaji.

Namba mbili ni bledi ya nyuma inayogeuzwa pembe. Hiyo inatengeneza mgongo wa njia na kusukuma udongo kando, maji yasisimame katikati. Chagua yenye makali yanayofungwa kwa bolti, maana murramu inakula chuma. Ya kuchomelea yakiisha utazunguka kutafuta fundi.

Namba tatu ni hii yangu ya springi. Kwa kusambaza rundo la mchanga uliolegea, haina neno.

Bledi za bei rahisi za Katwe, kule kwa mafundi wa chuma Kampala? Gonga uone unene wa bati, kisha uamue mwenyewe.

Ila wauzaji wetu! Mimi mayai nauza kwa shilingi, wao bei wanaitaja kwa dola, na kiwango cha kubadilisha wanakipanga wao. Nilipotaka kuirudisha nikaambiwa kitu kikishatoka getini hakirudi. Sasa imeegemea banda, na jogoo ndiye anayelala juu yake.