Land Rover 109 yangu na wale vijana wa spana ya kumi na tatu

Naandika hasira bado zipo kwahiyo mtanisamehe lugha. Nilisema ngoja nipoe kwanza, nimepoa kama wiki mbili hivi, wapi.

Kuna watu kila siku mnaniuliza eti ninunue Land Rover ya zamani au nisinunue. Jibu la leo: usinunue. Chukua hela yako tafuta ka-Toyota kako kadogo, weka mafuta, nenda kazini, rudi, lala usingizi wako. Umenielewa? Haya, sasa nisikilize.

Yangu ni Land Rover 109, yaani inchi 109 toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, Series IIA ya 1969, ile ndefu, ya petroli. Mambo ya ukubwa wa injini na nini mtatafuta wenyewe. Ninayo mwaka na kitu. Na sikuinunua kwa akili, niliinunua kwa ugonjwa. Si mnakumbuka ile Oktoba 2024 Arusha ilipojaa Land Rover, zaidi ya elfu moja zimepanga foleni? Mi nlikuwa nimetoka kununua mkate tu. Nikasimama pembeni ya barabara na mkate kwapani karibu masaa matatu. Zinapita za utalii, zinapita wan ten, zile Land Rover 110 zilizokuja baadaye, zimefungwa viti mpaka juu, halafu katikati ikaja moja ya kijani imefifia, site mira hamna, dereva mzee kavaa koti la suti kwenye lile jua, na ule mlio. Ule mlio naujua tangu sijaanza shule. Kijijini kwetu gari ilikuwa moja tu, ya misheni, ndo ilileta chanjo, ndo ilipeleka wajawazito hospitali, ndo ilirudisha maiti. Ukiisikia inanguruma upande wa pili wa korongo unabaki kujiuliza leo imekuja kwa lipi kati ya hayo matatu. Basi nikarudi nyumbani mkate umebanwa umekuwa kama chapati, mke wangu ananiuliza ulikuwa wapi, namjibu nataka kununua gari.

Niliipata kwa mzee mmoja huko Mbulu, imelala chini ya mti, kuku kataga kwenye siti ya dereva. Habari ya kuifufua naruka maana nikianza hatutamaliza leo. Niseme tu kuendesha nilijifunza upya. Gia ya kwanza na ya pili hazina msaada wowote, unakanyaga klachi, unaweka huru, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena ndo unaingiza, ukikosea inasaga meno mpaka watu wa kituo cha bodaboda wanageuka kuangalia nani kaumia. Na oili inadondoka. Chini yake nyumbani kuna karai, limekuwa la kudumu. Fundi wangu anasema siku ukikuta karai kavu ndo uogope.

Huyo fundi wangu ndo angekuwepo haya yote yasingetokea. Sili ya oili ya gurudumu la nyuma kushoto ilikufa, oili ikawa inaingia kwenye breki, ukifunga breki gari inavuta upande mmoja. Nampigia, yuko msibani Singida, anarudi hajui lini. Mi nina haraka, nina saruji ya kupeleka Karatu. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini, jina silitaji, ila ni zile za kisasa, sakafu ya vigae, mashine ya kahawa, mapokezi kuna kijana kavaa shati lenye nembo.

Kijana akatoka nje, akaizunguka, akacheka, akasema, "Kaka, sasa hii kompyuta tunachomeka wapi?"

Nikacheka naye. Hilo ndo kosa langu la kwanza, ukishacheka na mtu wa hivyo umeshampa ruhusa.

Akaendelea, "Ushauri wa bure boss, hii injini toa tukufungie ya Toyota, utasahau shida." Yaani gari imekuja kwa ajili ya sili ya oili ananishauri niitoe moyo. Najua nusu ya Land Rover za huku zinatembea na injini za watu wengine, siwahukumu wenye nazo. Aah, basi nawahukumu kidogo.

Nikauliza mnazo spana za inchi? Akasema, "Spana zote zipo kaka, we nenda kapumzike." Nikaenda nikapumzika. Jioni nikalipa, hela ambayo fundi wangu angefanya kazi hiyo mara tatu na soda juu.

Hawakuwa na spana za inchi. Hii ndo sehemu inayoniuma kwahiyo nitaieleza hata kama hujali. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7. Ukiweka spana ya 13 inaingia vizuri kabisa, na ubaya wenyewe uko hapo, inaingia halafu ukivuta kwa nguvu inateleza, na kila ikiteleza inakula pembe za nati. Gari ya Mwingereza ya miaka ile ni inchi juu mpaka chini. Kubadilisha ile sili lazima ufungue bolti sita pale katikati ya gurudumu uvute nje hafu shafti, kile chuma kirefu kinachotoka difu kuzungusha gurudumu, na hawa vijana walizifungua hivyohivyo, kila bolti kwa saizi ya jirani yake, zikiteleza wanaongeza nguvu. Zote sita zimekuwa duara kama gololi. Halafu wakazipaka grisi juu, safi, ziking'aa. Mi sikuangalia. Nani anaangalia bolti?

Siku mbili mbele niko na shemeji yangu, mifuko kumi na miwili ya saruji nyuma, tumepita Mto wa Mbu tunapanda ule mlima wa Manyara. Wanaoujua wanaujua. Kwenye kona moja nyani wamekaa barabarani wanachambuana chawa kama wako sebuleni, nikasimama kuwapisha. Walipotoka nikaondoa gari. Nikasikia *ta!* kama mti umekatika, injini inanguruma, gari haiendi. Nikavuta hendibreki mpaka mwisho. Gari ikaanza kurudi nyuma.

Nasema tena, hendibreki iko juu kabisa na gari inarudi nyuma, kushoto kwangu ziwa Manyara naliona lote mpaka mwisho wake. Nikakanyaga breki ya mguu kwa miguu yote miwili. Shemeji akaruka, hakuona jiwe, akashusha mfuko wa saruji akautupa nyuma ya tairi. Ukapasuka lakini ukashika. Shemeji mweupe kama mzimu, nyani wanatutazama.

Tulikaa pale kama saa nzima. Zile V8 za vioo vyeusi zinapita, honi tu. Kisha ikaja wan ten ya zamani inapanda pole pole na mabanda ya kuku juu, ikasimama bila hata kupungiwa mkono. Akashuka mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hafu shafti hiyo."

Hata hajaangalia! Kasikia tu nilivyomwambia imelia ta. Nikamwambia na hendibreki nayo imekufa, akanitazama vile unavyomtazama mtoto anayelia kwa sababu kivuli chake kinamfuata. Akasema, "Haijafa kijana. Hendibreki ya hii gari haishiki magurudumu, inashika propela, ile shafti ndefu ya kutoka gia boksi kwenda difu. Shafti ikikatika, propela imeshikwa lakini magurudumu hayana habari." Nimekuwa na hii gari mwaka na zaidi sikujua. Naipaki kwenye vilima kila siku nikiamini kitu ambacho sikijui kilipo.

Akachuchumaa kwenye gurudumu, akapangusa grisi, akaziona zile bolti. Akanyamaza. Akauliza, "Nani kafanya hivi?" Nikaona aibu kama nimefanya mimi. Alikuwa na spana zake za inchi kwenye kipande cha turubai, zimechakaa, ila hata zenyewe hazikushika kitu. Akachagua soketi moja ndogo kuliko bolti, akaigongea kwa nyundo mpaka ikang'ata, akavuta. Moja. Akatoa soketi kwa kuipiga, akagongea nyingine. Kwa bolti nzima hii ingekuwa dakika tano, pale tulikaa mpaka jua linainama. Ya sita ikatoka na soketi yake, zimeng'ang'aniana, hazitengani mpaka leo. Shafti ikaja nje, fupi kuliko inavyotakiwa, kipande kimebaki ndani ya difu. Lile tundu akaliziba kwa mfuko wa rambo na mpira wa baiskeli, na rambo zimepigwa marufuku tangu 2019 sijui yeye kaitoa wapi, sikuuliza.

Kisha akaingia kwangu, akasukuma nyuma ile lever nyekundu, inayounganisha na magurudumu ya mbele, akasema, "Sasa inavuta kwa mbele. Na hendibreki yako imerudi, jaribu." Nikajaribu. Imeshika! Akachukua mifuko sita kwenye wan ten yake chini ya kuku, na tukapanda Manyara kwa magurudumu ya mbele tu, taratibu kama maandamano ya msiba, mpaka Karatu. Hela akakataa. Shafti nyingine tukaipata hukohuko, imetolewa kwenye gari iliyokufa zamani, na kile kipande cha ndani tukakitoa uani kwake kesho yake.

Sasa niseme ukweli, maana nimeshaanza. Kukatika kwenyewe siwezi kuapa kwamba ni wale vijana. Shafti za IIA za nyuma zinajulikana kwa kukatika, mzee mwenyewe kasema amebadilisha nyingi hajui idadi, na mi niliachia klachi kwa pupa mlimani na mzigo juu. Inawezekana ni mimi. Ila bolti ni wao! Bolti siwaachii.

Nikarudi gereji na zile bolti sita kwenye kopo, ya sita na soketi yake. Yule kijana akaangalia ndani ya kopo, akasema, na nanukuu maana nalisikia mpaka usiku, "Kaka, hiyo sio gari, hiyo chuma chakavu. Wapelekee wale wa mizani wakulipe kwa kilo."

Chuma chakavu. Hata kutukana hajui. Weka sumaku kwenye bodi yangu uone kama itashika, inadondoka chini, ile ni aluminiamu! Vita imeisha Uingereza hawana chuma, kinatolewa kwa mgao, kina Wilks, wale ndugu wawili wa kampuni ya Rover, wanataka gari ya mkulima ya kupitishia shida tu, wakachukua aluminiamu, wakaipeleka maonyesho ya Amsterdam 1948. Ya kupitishia shida tu, ikaendelea kubadilishwa kidogo kidogo hadi Januari 2016 ndo ya mwisho ya ukoo ule ikatoka kiwandani Solihull, Uingereza. We na mashine yako ya kahawa utafika mwaka gani?

Haya, chesesi, ile fremu ya chini, ndo chuma, na chesesi yangu imeoza, nimechomelea mara mbili, ya tatu inakuja. Hilo nakubali. Sikumwambia yeye.

Kwahiyo narudia usinunue. Utavuja oili, utasaga gia, mvua ikinyesha unaloa ukiwa ndani, utamwekea mke wako maneno ya spana mezani mpaka ahamie kwa dada yake. Mi nimenunua seti nzima ya spana za inchi, imekula hela ya ada, msimwambie. Nikiwa chini pale na tochi mdomoni, oili inanidondokea shingoni, kuna wakati nasahau kabisa kama nlikuwa nimekasirika. Lakini hiyo sio sababu ya kununua gari.

Na kusema kweli nauza. Mwenye hela aje tuongee, bei ipo, na karai nampa. Ila asije Jumamosi hii, Jumamosi natoka nayo, napeleka soketi ya mzee Karatu.