Mapitio ya kozi ya msingi ya uchambuzi wa madoa ya damu, kwa jicho la wakili wa utetezi

Kozi ya msingi ya uchambuzi wa mipangilio ya madoa ya damu, kama inavyotolewa nchini Marekani kwa askari wapelelezi, wataalamu wa maabara na mawakili, huchukua saa 40, yaani wiki moja ya kazi, na bado inafuata kwa kiasi kikubwa nyayo za Herbert MacDonell wa Corning, New York, aliyewafundisha askari wengi fani hii kuanzia miaka ya 1970. Niliisoma nikiwa wakili wa utetezi, kwa lengo la kuelewa anachokijua hasa shahidi wa mashtaka anapoieleza mahakama kwamba doa fulani linathibitisha pigo fulani. Chuo sitakitaja.

Mazoezi ya vitendo ndiyo yanayostahili ada. Mwanafunzi huvaa ovaroli ya karatasi, glovu na miwani ya kukinga macho, kisha hudondosha damu kutoka vimo tofauti juu ya kioo, kadibodi, zulia na mbao, na hapo hujionea kwamba umbo la doa hutegemea uso ulioangukiwa kuliko wengi wanavyodhani: tone lile lile huacha duara safi juu ya kioo na doa lenye miiba juu ya mbao isiyopigwa randa. Baadaye hupiga damu kwa nyundo, hupunga kisu kilicholowa, hufuta na kuburuza nguo zenye damu, na kila mara huandika alichokiona kabla ya kusema kilitokana na nini. Damu inayotumika aghalabu ni ya mnyama, iliyotiwa dawa ya kuzuia kuganda, kwa sababu vimiminika vingi vya bandia havina mnato wala mvutano wa uso ulio sawa na wa damu halisi. Pengine huwa ni ya nguruwe, na Mwislamu anayejiandikisha ana haki ya kuuliza mapema. Nilikosoma walikubali kuleta ya kondoo bila mabishano.

Somo la hesabu lilifundishwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Tone linalogonga ukuta kwa mshazari huacha doa lenye umbo la duaradufu, na ukigawa upana wake kwa urefu wake unapata saini (sine, kipimo cha trigonometria) ya pembe ya kugonga, kwa hiyo doa lenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 10 liligonga kwa pembe ya digrii 30. Mistari ya madoa mengi ikirudishwa nyuma, kwa uzi au kwa programu ya kompyuta, hukutana katika eneo ambamo damu ilitoka. Mwalimu alisisitiza jambo ambalo mashahidi hulipitia haraka: uzi umenyooka, ilhali tone husafiri kwa mkunjo kwa sababu ya mvutano wa dunia na ukinzani wa hewa, hivyo kimo kinachopatikana huelekea kuzidi kimo halisi, na shahidi mwaminifu anaweza kusema tu kwamba chanzo hakikuwa juu ya hapo. Maelezo hayo peke yake yanampa wakili maswali ya asubuhi nzima.

Udhaifu ulijitokeza tulipotoka kwenye vipimo na kuingia kwenye tafsiri. Katika vyumba vilivyoandaliwa kama maeneo ya tukio, tulisimuliwa kwanza kisa chote, pamoja na nani alishukiwa na kwa nini, ndipo tukaonyeshwa madoa, na haikushangaza kwamba karibu kila kikundi kiliyaona madoa yakikiunga mkono kisa hicho. Vijidoa vidogo vinavyotokana na risasi, vinavyotoka puani mwa majeruhi anayehema, na hata vinavyoachwa na nzi waliokula damu, vinaweza kufanana mno. Darasani tuliambiwa kwamba jibu la "haiwezi kuamuliwa" ni halali, lakini katika mtihani wa mwisho hapakuwa na swali hata moja ambalo jibu hilo lingelipatia alama.

Jambo hili lina uzito mkubwa nje ya darasa. Huko Clifton, Texas, mwalimu mkuu Joe Bryan alihukumiwa kwa mauaji ya mkewe yaliyotokea mwaka 1985, ilhali siku zile alikuwa ameenda kwenye mkutano mjini Austin, na nguzo mojawapo ya kesi ilikuwa vijidoa vilivyokutwa kwenye tochi, vilivyotafsiriwa na mpelelezi mwenye mafunzo ya saa 40 tu katika fani hiyo. Mwaka 2018 tume ya Texas inayosimamia sayansi ya uchunguzi wa jinai ilisema kwamba uchambuzi ule haukuwa sahihi wala haukuungwa mkono na sayansi. Bryan aliachiliwa kutoka gerezani kwa masharti (parole), bila kufutiwa hatia, mwaka 2020, baada ya zaidi ya miaka 30. Aidha, utafiti wa mwaka 2021 uliowahusisha wachambuzi 75 walio kazini ulionyesha kwamba takriban asilimia 11 ya majibu kuhusu madoa yenye chanzo kinachojulikana yalikuwa ya makosa. Chuo chetu hakikugusa hata kimoja kati ya hivyo viwili, na hilo naliona kuwa pengo kubwa kuliko yote.

Kwa wakili, mwendesha mashtaka au mpiga picha wa maeneo ya tukio, naipendekeza kozi bila kusita, maana inafundisha kutazama, kupima na kuhifadhi ushahidi ipasavyo. Kwa mpelelezi anayekusudia kutoa maoni ya kitaalamu mahakamani, wiki hiyo ni utangulizi tu, na anahitaji kozi ya juu na miaka ya kufanya kazi chini ya mchambuzi mzoefu ambaye hukagua ripoti zake. Kabla ya kulipa, ulizeni kama mazoezi hufanywa bila kusimuliwa kisa kwanza, na kama mtihani una madoa ambayo hata mwalimu hawezi kuyaamulia chanzo.