TAHADHARI: muuza zafarani wa vikasha vya mg 500, mzani wake msiuamini

Jamani wa Mjini, Ng'ambo, Fuoni, Mwanakwerekwe, yeyote anaenunua zafarani kwa mkononi, huyu bwana anaejaza status kila siku asubuhi zafarani jioni udi, MUOGOPENI. Jina silitaji hapa ila najua wengi mnayo namba yake maana ni nyie nyie mlonipa mie. Kanila laki na thamanini na bado leo kaweka status nyengine "ofa ofa mzigo mpya", hana haya hata kidogo.

Shughuli yetu mnaijua na jiko kuwa nliachiwa mie mnajua, sirudii. Biriani la watu wote wale haliendi na rangi ya unga, bi mkubwa kashasema hataki kuiona, na ya kuandikia kombe, zile aya za kwenye sahani, nayo ilikuwa inatakiwa safi. Hesabu ikaja gramu 20. Sokoni Darajani nshauliza, gramu moja elfu 15, yani laki tatu. Huyu akanambia yeye kikasha cha gramu tano anatoa kwa elfu 45. Vinne laki na thamanini. Sasa nani katika nyie angeiwacha hiyo? Na si bei ya bure kabisa hata mtu ashtuke, ni elfu 9 kwa gramu, bei ya mtu aloletewa mzigo na jamaa yake kutoka Irani, ndo alivosema, na zafarani nyingi duniani si inatoka hukohuko.

Tukakutana Michenzani, jua la saa saba, mie mkono mmoja nna mfuko wa nazi, simu inaita kutoka jikoni kila dakika. Kaja na vespa yake, kanzu imepigwa pasi, kofia ya mkono, salamu ndeeefu, kamuulizia mpaka mama anaendeleaje na mguu. Katoa vikasha vinne, mbele maandishi ya Kifarsi, chini kwa udogo 500 mg. Na nlimuuliza! Wallahi nlimuuliza kwa mdomo wangu, "hii mg mia tano ndo gramu ngapi?" Hakusita. "Dada yangu, senti mia si shilingi? Sentimita mia si mita? Bas na miligramu mia ndo gramu, mia tano gramu tano." Kaisema kama mwalimu wa skuli, na ukiiskia hivo barabarani juani nambie utakataa nini, maana senti mia kweli ni shilingi na sentimita mia kweli ni mita.

Juu ya hapo nkamwambia nipimie. Kachomoa mzani mdogo wa dijitali, ule wa kupimia unga wa keki, kauweka juu ya siti ya vespa, kaweka kikasha, ukaandika 5. Kakitoa kaweka cha pili, 5. Cha tatu 5. Cha nne akasema "tuendelee au umeridhika?" huku anacheka, mie nkaona haya kumzuia mtu juani kama namshuku mwizi, nkamrushia pesa palepale. Kasubiri meseji iingie, kanambia mngu akubariki shughuli iwe ya kheri, vespa huyo kaenda.

Bi mkubwa kafungua kikasha kimoja kakunja uso. "Gramu ishirini hizi? Gramu ishirini za zafarani hazienei kiganjani." Nkamjibu vibaya, nkamwambia nimeuona mzani mie. Kidogo mtoto wa dada, yuko darasa la tano, akaanza kuimba pembeni, kilo hekto deka gramu desi senti mili, kila hatua kumi. Toka gramu mpaka mili hatua tatu, kumi mara kumi mara kumi, elfu. Miligramu ELFU ndo gramu moja! Ile ya mia ni sentigramu, ambayo hakuna pakiti yoyote inayoandikwa. Kwa hiyo kikasha kizima ni nusu gramu, sawasawa na dawa ilokuwemo ndani ya kidonge kimoja cha panadoli, tazameni pakiti ya panadoli nyumbani kwenu, 500 mg ileile.

Na ile 5 ya mzani? Nkavichukua nkaenda navo kwa sonara Mkunazini, maana mzani wa dhahabu haucheki na mtu. Kaweka kipande cha karatasi, kabonyeza ikarudi 0.00, kamimina nyuzi za kikasha cha kwanza taratibu. 0.46. Halafu kaweka kikasha kitupu peke yake, plastiki tupu na kifuniko chake, 4.6. Mnaona? Ile tano nlokuwa naisomea dua ilikuwa plastiki! Nimenunua makopo! Vyote vinne zafarani yake ikaja 1.87, yani hata hiyo nusu gramu ilioandikwa haijatimia, na ukigawa laki na thamanini utaona nimelipa zaidi ya elfu 96 kwa gramu moja ambayo Darajani ni elfu 15. Na bado, nyuzi za chini ya kikasha kimoja tumetia kwenye maji baridi, papo hapo maji mekundu na uzi ukabaki mweupe kama nywele za gunzi la muhindi. Ya kweli haifanyi hivo, inatoa manjano polepole na uzi unabaki na wekundu wake.

Nimempigia, kaniambia eti "dada kwenye kikasha imeandikwa mg, mie sikukuficha." Mwanaharamu! Mzani ulikuwa wa nini basi? Na ile senti na shilingi ilikuwa ya nini? Mtu kama huyu akamatwe, vespa izuiwe, asimamishwe Darajani siku ya soko limejaa aulizwe miligramu ngapi ndo gramu mpaka aseme elfu kwa sauti, na alipe kila mtu alomla. Wapunjaji wa mizani wanajua walichoahidiwa huko mbele lakini mie nataka aanze kukiona hapahapa duniani. Kwa sheha nshafika, kwa watu wa vipimo naenda.

Nyie mnaonunua kwake au kwa mwengine, akikupimia mwambie afungue, apime nyuzi bila kopo, akikataa ondoka. Mzani wa keki hauna maana kwa kitu hichi, unaruka gramu nzimanzima, ukiweka nusu hauioni hata. Gramu moja ni nyuzi kama mia nne na hamsini mpaka mia tano hivi, kwa hiyo ukiona vinyuzi unavoweza kuvihesabu kabla chai haijapoa bas ushaliwa. Na ukiambiwa mia ndo gramu, mcheke mbele ya watu.

Alieibiwa na huyuhuyu aje inboksi tuende pamoja, najua mpo, kuna mmoja wa Bububu kashanambia vyake sita. Na yeye najua anasoma hapa: laki na thamanini yangu mpaka Ijumaa, ikipita naweka voisi noti zote, na ile ya kumuulizia mama mguu pia.