Filta ya oili kwenye Coccinelle: garaji ya Ndosho iliyokataa kutoboa haraka

Kazi yangu ni kubeba maharusi. Nina Coccinelle 1300, ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1971, nyeupe, na kila Jumamosi hapa Goma inatangulia msafara taratibu kutoka kanisani hadi ukumbini, watu wakiimba pande zote. Anayeijua Goma anajua tunapita juu ya nini. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 iliingia katikati ya mji, na mawe yake ndiyo tunayojengea nyumba na kushindilia barabarani hadi leo. Malori yanayasaga mpaka yanakuwa vumbi jeusi. Lisugue vumbi hilo kati ya vidole, utasikia linavyokwaruza. Likiingia kwenye oili ya gari, linakwaruza beringi, zile sehemu laini ambamo shafti za injini zinazunguka, vivyo hivyo.

Coccinelle ilitoka kiwandani bila filta ya karatasi. Chini ya karteri, yaani ganda la injini, kuna kichungi cha waya tu, kinachozuia kipande cha gasketi au nati iliyodondoka. Vumbi linapita. Na oili yenyewe ni lita 2.5, kidogo sana kwa injini isiyo na maji, ambayo inaitegemea oili hiyo hiyo kulainisha na kusaidia kupoza. Mimi nilikuwa nafanya vidanji, yaani kubadilisha oili, kila kilomita 2,500, nafungua zile nati sita za kifuniko, naosha kichungi kwa petroli, na bado oili ilikuwa inatoka nyeusi, na ukiitandaza juani inametameta.

Mwaka jana nikanunua pampu yenye filta yake, ile ambayo filta inajifunga moja kwa moja kwenye kifuniko cha pampu. Dola 60, iliagizwa kupitia mfanyabiashara anayeleta vipuri kutoka Kampala. Fundi wa kwanza aliifunga kwa saa moja. Baada ya wiki mbili nilikuwa na dimbwi la oili chini ya gari kila asubuhi, na taa ya oili, inayoonya presha ikishuka, ikawa inapepesa injini ikipata moto, bibi harusi akiwa kiti cha nyuma. Siku ile sitaisahau. Nilizima gari mbele ya watu wote, nikaomba vijana wasukume.

Ndipo nikaelekezwa mtaa wa Ndosho, kwenye garaji ndogo ya mabati upande wa barabara ya kwenda Sake. Haina bango. Mwenyewe ni mzee aliyezifanyia kazi Volkswagen tangu ujana wake. Hakuniuliza nina pesa ngapi. Alichomoa pampu, akamulika tochi ndani ya tundu, akahesabu riveti, yaani pini zinazoshikilia giya, kwenye kamshafti, shafti inayozungusha pampu: nne. Akaniita nitazame.

“Mwanangu, pampu uliyoletewa ni ya kamshafti ya riveti tatu. Hii yako ina nne, giya yake imebonyea ndani. Angalia ulimi wa pampu ulivyoshika kwenye kamshafti, ni kwa ncha tu.”

Kweli, ncha ya ulimi ilikuwa imekwisha kulika. Kama kuna jambo moja la kumwambia mwenye Coccinelle anayetaka kununua pampu, ni hilo: hesabu riveti kwanza, kwa sababu magari ya miaka ile yalibadilishwa injini mara nyingi na mwaka ulioandikwa kwenye karatasi za gari haukuambii kitu.

Halafu akanieleza anavyofunga filta yeye. Oili itoke kwenye kifuniko cha pampu kwa paipu, iende kwenye filta iliyofungwa pembeni, irudi kwenye mfereji wa oili wa karteri kupitia tundu jipya karibu na pampu. Njia ya zamani inazibwa, hivyo kila tone linapita kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye beringi. Nikamwambia, “Muzee, nina ndoa mbili mbele. Toboa tu hivi hivi, injini ikiwa ndani ya gari.” Akakataa kabisa.

“Nikitoboa bila kubomoa moteri, yaani injini, ule unga wa chuma utaenda wapi?”

Nikasema ataukamata kwa sumaku. Akaniletea kipande cha karteri ya zamani na sumaku ya spika, akaniambia nijaribu. Haikushika. Karteri ya Coccinelle ni ya magnesiamu, na unga wake sumaku haiuoni. Unga huo ungeingia kwenye mfereji uleule tunaotaka kuusafisha, nami ningekuwa nimelipa ili kuua injini yangu. Hapo nikanyamaza, nikazipigia simu familia mbili kuomba msamaha.

Alichukua siku tisa. Injini yenyewe ilitoka kwa chini ndani ya nusu saa, boliti nne tu. Muda uliliwa na mengine: kuipasua karteri, kutoboa, kukata hesi polepole huku akirudisha nyuma kila mzunguko, kisha kuosha mifereji yote kwa petroli na brashi ndefu mara tatu na kupuliza hewa mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Beringi za zamani alinionyesha. Zilikuwa na mistari kama sahani iliyosuguliwa kwa mchanga, na zile nazo zikabadilishwa. Paipu hakununua za dukani. Alizipeleka kwa wanaotengeneza paipu za hidroliki za matingatinga, zikabanwa vichwa kwa mashine. Filta ikakaa ndani ya bawa la nyuma kushoto, ikakingwa na bati nene dhidi ya mawe.

Kabla ya kuwasha aliijaza filta oili, akachomoa waya wa koili ili injini isiwake, akazungusha injini kwa stata mpaka taa ya oili ikazimika yenyewe. Ndipo akawasha. Sasa gari inakunywa karibu lita 3, na nusu lita hiyo ya ziada kwangu ni faida.

Nililipa dola 240 kwa kila kitu, pamoja na beringi na pampu sahihi. Ni pesa nyingi, ni karibu ndoa tatu. Na kuna mambo yaliyonikera. Hapigi simu, ukitaka kujua kazi imefika wapi, panda motari (pikipiki ya abiria) uende. Risiti hatoi. Paipu moja ilikuwa imepita karibu mno na egzozi (bomba la moshi), nikaiona inaanza kulainika siku ya nne. Nilirudi, akaihamisha siku hiyo hiyo bila kunidai chochote.

Taa haipepesi tena, ila nikiri kwamba hiyo ni kazi ya pampu, si ya filta. Filta haiongezi presha. Asubuhi baridi usiikanyage injini, kwa maana oili nzito inaweza kuvimbisha kopo la filta. Ipe dakika mbili. Na vidanji havijafutwa: mimi sasa nafanya kila kilomita 4,000, filta mpya kila mara, dola 7.

Filta ya kwanza tuliitoa baada ya kilomita 500. Mzee aliikata kwa mkasi wa bati, hataki msumeno kwa sababu unaongeza unga wake mwenyewe, akaitandaza karatasi juani kama anaanika dagaa. Tulihesabu chembe za kumeta nyingi, mabaki ya beringi mpya kujizoesha. Ya pili ilikuwa na chache. Ya tatu tumeikata wiki iliyopita: masizi meusi, changarawe laini ya barabara yetu imenasa kwenye mikunjo, na hakuna hata chembe moja inayong'aa. Nimeibeba karatasi ile nyumbani, iko ndani ya mfuko wa plastiki kwenye kabati la vifaa.